Gesi ya Halo za Galaksi na Mistari ya Urujuanimno: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Halo ya galaksi ni kitu gani?

Ukitazama picha ya galaksi unaona diski ya nyota, pengine na mikono yake iliyojipinda, kisha giza. Giza hilo si tupu. Limejaa gesi nyembamba mno iliyoizunguka galaksi pande zote. Diski ya nyota ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, ina kipenyo cha takriban miaka nuru 100,000, ilhali gesi ya halo yake inakadiriwa kufika mamia ya maelfu ya miaka nuru kutoka kitovuni. Wapo wanaosema "halo" wakimaanisha maada ya giza, na wapo wanaomaanisha nyota kongwe zilizotawanyika nje ya diski. Hapa ni gesi tu.

Kwa nini kuhangaika na gesi isiyoonekana?

Kwa sababu hesabu za galaksi hazifungi bila hiyo. Njia Nyeupe huzaa nyota zenye jumla ya uzito wa jua moja hadi mawili kila mwaka. Kwa mwendo huo, gesi iliyomo diskini ingekwisha ndani ya miaka bilioni chache, na bado galaksi hii imekuwa ikizaa nyota kwa zaidi ya miaka bilioni 10. Basi kuna mahali inakoletewa gesi.

Kuna na hesabu ya pili. Nyota kubwa zikilipuka hutapika oksijeni, kaboni na silikoni zilizopikwa matumboni mwao. (Wanaastronomia huita elementi zote zilizo nzito kuliko heli "metali", oksijeni ikiwemo. Wanakemia hawajatusamehe.) Ukijumlisha metali zote zilizomo katika nyota na gesi ya diski, unapata pungufu ya zile ambazo nyota zilipaswa kuwa zimetengeneza. Halo ni ghala na ni jalala kwa pamoja: malighafi hupita humo ikiingia, taka hupita humo zikitoka, na sehemu ya taka hugeuka kuwa malighafi tena.

Kama haionekani, mnaijuaje?

Kwa kivuli chake. Tafuta taa yenye nguvu iliyo mbali nyuma ya galaksi, pima mwanga wake, kisha angalia ni rangi zipi zimepungua njiani. Taa inayotufaa zaidi ni kwasa, yaani kitovu cha galaksi ya mbali ambamo shimo jeusi kubwa linameza gesi, na gesi hiyo inawaka kabla ya kumezwa. Kwasa ni kali kiasi cha kuonekana kutoka umbali wa mabilioni ya miaka nuru, na angani huonekana kama nukta tu.

Mwanga wa kwasa ukipita kwenye halo, kila aina ya atomi hufyonza urefu wake maalumu wa wimbi na kuuacha mwingine upite. Ukiutandaza mwanga huo kuwa spektra, yaani rangi zake zilizopangwa kwa urefu wa wimbi, pale palipofyonzwa huonekana kama mfereji mwembamba. Huo ndio mstari wa ufyonzaji.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haijali galaksi iko mbali kiasi gani. Gesi inapong'aa yenyewe, mng'ao wake hutegemea msongamano kwa kipeo cha pili, kwa hiyo gesi nyembamba hufifia haraka sana. Kivuli hutegemea tu idadi ya atomi zilizo njiani. Kwa gesi nyembamba kama hii, tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Nyembamba kiasi gani?

Katika halo, sentimita moja ya ujazo huwa na sehemu chache tu za elfu za chembe moja: yaani unahitaji mamia au maelfu ya sentimita za ujazo kupata atomi moja. Hewa unayovuta ina molekuli takriban 2.5 × 10¹⁹ katika ujazo huohuo.

Chukua neli yenye mdomo wa sentimita moja ya mraba, uinyooshe ipenye halo nzima kutoka upande huu hadi ule, kisha uhesabu ioni (atomi zilizong'olewa elektroni) za oksijeni za aina ya O VI zilizomo; jina hilo tutalieleza hapa chini. Katika galaksi inayozaa nyota utapata takriban 3 × 10¹⁴. Idadi hiyo hiyo ya molekuli imo katika utando wa hewa wenye unene wa kama sehemu moja ya kumi ya mikromita. Unywele mmoja ni mnene mamia ya mara kuliko utando huo. Mamia ya maelfu ya miaka nuru yamebanwa hadi kufikia hapo, na bado kivuli kinapimika.

Hesabu hiyo ya neli inaitwa msongamano wa safu, nayo ndiyo kitu hasa tunachopima. Mengine yote ni tafsiri.

Kwa nini iwe urujuanimno na si mwanga wa kawaida?

Katika gesi nyembamba hivi, elektroni hukaa karibu zote kwenye ngazi ya chini kabisa ya atomi. Migongano ni michache mno kuzipandisha. Kwa hidrojeni, kaboni, oksijeni na silikoni, kuruka kutoka ngazi hiyo ya chini kunahitaji fotoni (chembe ya mwanga) ya urujuanimno, yaani yenye wimbi fupi kuliko macho yetu yanavyoweza kuona. Mstari mwekundu wa hidrojeni wa nanomita 656.3, unaopendwa sana na wapiga picha za nebula, huanzia ngazi ya pili, na katika halo ngazi ya pili haina mtu.

Kwa hiyo mistari ya kutegemewa ni hii: hidrojeni ya Lyman-alfa kwenye nanomita 121.6, jozi ya O VI kwenye 103.19 na 103.76, jozi ya C IV kwenye 154.8 na 155.1, jozi ya Si IV kwenye 139.4 na 140.3, na jozi ya Mg II kwenye 279.6 na 280.4. Kalsiamu na sodiamu zina mistari katika mwanga wa kawaida, na ndizo zilizotumika mwanzoni, lakini zinaeleza sehemu ndogo tu ya gesi iliyo baridi.

(Lyman wa mstari huu ni Theodore Lyman, aliyeupata mwaka 1906. Si Lyman Spitzer, ambaye tutakutana naye chini. Wengi huwachanganya.)

Namba za Kirumi kama O VI zinamaanisha nini?

Toa moja, upate idadi ya elektroni zilizong'olewa. O I ni oksijeni kamili, O II imepoteza elektroni moja, O VI imepoteza tano. Mfumo huu umerithiwa tangu zamani na hakuna aliyepata ujasiri wa kuubadilisha.

Namba hizo ni kipimajoto cha aina yake. Mg II na Si II huishi katika gesi ya takriban kelvini 10,000. C IV na Si IV huhitaji mazingira makali zaidi. O VI hufikia kilele chake kwenye kelvini kama 300,000, iwapo imetokana na migongano. Juu ya kelvini milioni moja oksijeni huwa O VII na O VIII, na mistari yake mikuu huhamia kwenye eksirei, ambako urujuanimno hauwezi kutusaidia.

Naweza kuona mfano mmoja kwa karibu?

Huu ni wa kweli kwa hesabu, na umewasumbua wengi. Tuseme galaksi ina mhamo mwekundu wa 0.2, maana yake upanuzi wa ulimwengu umerefusha mawimbi yake yote kwa asilimia 20. Unatafuta O VI. Zidisha 103.19 kwa 1.2 upate 123.83. Unafungua spektra, unaona mfereji kwenye 123.8 na ushee. Umeipata?

Subiri. Njia Nyeupe ina nitrojeni ya N V, ambayo hufyonza kwenye 123.88. Tofauti ya hizo mbili ni nanomita 0.05, sawa na mwendo wa kilomita 120 hivi kwa sekunde. Gesi ya galaksi yoyote inaweza kuwa na mwendo wa kiasi hicho, kwa hiyo mfereji huo mmoja unaweza kuwa oksijeni iliyo mabilioni ya miaka nuru mbali, au nitrojeni iliyo uani kwetu.

Kinachoamua ni mwenzake. O VI huja kama jozi, na mstari wa pili utakuwa kwenye 103.76 × 1.2, yaani 124.51. N V nayo ni jozi, na mwenzake yuko 124.28. Angalia ni upi kati ya hizo wenye mfereji wa umbo lilelile. Kisha pima nguvu: katika jozi hizi mstari wa kwanza unapaswa kuwa na nguvu maradufu ya wa pili, ilimradi haujajaa. Halafu tafuta Lyman-alfa ya galaksi hiyohiyo kwenye 145.88. Vyote vitatu vikikubaliana, ndipo uandike.

"Kujaa" kwa mstari ni nini?

Mfereji ukifika sifuri, hakuna mwanga uliobaki wa kufyonzwa. Ukiongeza atomi mara kumi zaidi, mstari hautabadilika karibu chochote. Lyman-alfa katika halo hujaa mara nyingi sana, ndiyo maana tunakimbilia mistari dhaifu ya mfululizo huohuo, Lyman-beta na kuendelea. Ukiona makala imetoa kiasi cha hidrojeni kutoka Lyman-alfa pekee iliyojaa, soma kwa jicho la shaka.

Mbali na kina, mstari unaeleza nini kingine?

Mahali ulipo unaeleza mwendo wa gesi kuelekea kwetu au kutoka kwetu. Upana wake unaeleza joto na msukosuko. Hidrojeni ya kelvini 10,000 hutoa mstari wenye upana wa kama kilomita 13 kwa sekunde kutokana na joto pekee. Kwa kelvini 300,000 upana huo ni kama 70. Oksijeni, kwa kuwa ni nzito mara 16, hutikisika taratibu zaidi: kwenye kelvini hizo 300,000 huwa kama 18 tu. Kwa hiyo ukiwa na hidrojeni na oksijeni za wingu moja, unaweza kutenganisha joto na msukosuko, kwa sababu joto hubagua uzito na msukosuko haubagui.

Shida ni hilo neno "wingu moja". Hakuna anayetuhakikishia kwamba hidrojeni na O VI zilizo kwenye mwendo mmoja ziko mahali pamoja.

Wazo hili lilianza lini?

Mwaka 1956 Lyman Spitzer alijiuliza swali rahisi. Guido Münch alikuwa ameona mistari ya kalsiamu na sodiamu kutoka mawingu yaliyo juu sana ya diski ya galaksi yetu. Mawingu hayo yangepaswa kutawanyika kama moshi, kwa nini hayakutawanyika? Spitzer akasema lazima kuna gesi ya moto, ya kelvini kama milioni moja, inayoyabana kutoka nje. Alitabiri halo kabla ya kuwepo chombo cha kuiona.

Mwaka 1963 Maarten Schmidt alitambua kwamba 3C 273, iliyodhaniwa kuwa nyota, iko mbali mno: kwasa zikapatikana. Mwaka 1969 John Bahcall na Spitzer wakapendekeza kwamba mistari iliyokuwa ikionekana katika spektra za kwasa inatoka kwenye halo kubwa za galaksi zilizo njiani. Mwaka 1986 Jacqueline Bergeron akaonyesha galaksi yenye mhamo uleule wa mistari ya Mg II, na kuanzia hapo mjadala ukawa na ushahidi mkononi.

Kwa nini mtumie darubini za angani tu?

Ozoni hufunga mlango chini ya nanomita 300 hivi, na oksijeni ya hewa hufunga chini ya 200. Lakini kuna njia ya pembeni: galaksi zenye mhamo mkubwa. Lyman-alfa ikihama vya kutosha huingia kwenye mwanga wa kawaida, na darubini za ardhini kama Keck na VLT huisoma vizuri. Hivyo tunaufahamu ulimwengu wa kale kwa darubini za ardhini, na wa karibuni kwa darubini za angani. Hali ya kuchekesha kidogo: galaksi za jirani ndizo ngumu zaidi.

Vyombo gani vimefanya kazi hii?

Setilaiti ya Copernicus ya 1972, iliyoona O VI katika Njia Nyeupe, IUE kuanzia 1978 hadi 1996, FUSE kuanzia 1999 hadi 2007, ambayo vioo vyake viliweza kusoma chini ya nanomita 115, na Hubble. Spektrografu ya COS iliyofungwa kwenye Hubble na wanaanga Mei 2009 ndiyo iliyobadilisha kila kitu, kwa kuwa inaweza kutumia kwasa hafifu, na kwasa hafifu ni nyingi.

COS ina tabia zake. Kigunduzi chake huchoka pale mwanga unapoangukia kwa muda mrefu, kwa hiyo tangu 2012 spektra imekuwa ikihamishiwa sehemu mbichi za kigunduzi, kama mtu anayegeuza zulia ili lisichakae upande mmoja. Na katikati ya kila spektra, kwenye 121.6, kuna mwiba mkubwa wa mwanga: hidrojeni ya angahewa yetu wenyewe inang'aa. Oksijeni ya angahewa nayo huchafua karibu na 130.4. Sehemu hiyo ya pili unaweza kuipunguza kwa kutumia tu data zilizokusanywa Hubble ikiwa upande wa usiku.

Mradi wa COS-Halos uligundua nini?

Kundi la Jason Tumlinson na wenzake lilichukua galaksi 44 zenye kwasa nyuma yake, mistari ya kuona kuelekea kwasa ikipita ndani ya takriban kilopaseki 160 (miaka nuru 500,000 hivi) kutoka kila galaksi. Galaksi zilichaguliwa ziwe na mhamo unaozidi 0.1 kwa sababu ya kiufundi: chini ya hapo O VI haifiki nanomita 115, ambako Hubble huanza kuona vizuri.

Matokeo ya 2011 yalinishtua nilipoyasoma, na hadi leo naona ndiyo kiini cha fani hii. Galaksi zinazozaa nyota zilikuwa na O VI karibu zote. Galaksi zilizoacha kuzaa nyota zilikuwa nayo kwa nadra. Oksijeni hiyo, kwa makadirio ya chini, ina uzito wa majua milioni 10, ikilingana na iliyomo katika gesi ya galaksi zenyewe. Gesi baridi nayo, kulingana na kazi ya Jessica Werk na wenzake, inafikia makumi ya mabilioni ya majua kwa kila galaksi.

Swali ni: je, galaksi tulivu zimepoteza gesi? Hapana, hidrojeni bado ipo nyingi. Maelezo mojawapo ni kwamba galaksi tulivu hukaa katika halo nzito zaidi na za moto zaidi, hivyo oksijeni imepanda hadi O VII na zaidi. Haijapotea, imetoka tu nje ya dirisha letu. Maelezo hayo yananiridhisha nusu.

Na Andromeda?

Galaksi nyingi huwa na kwasa moja nyuma, hivyo tunachanganya galaksi kadhaa na kuzichukulia kama moja. Andromeda iko miaka nuru milioni 2.5 tu, na halo yake ni kubwa sana angani kiasi kwamba kuna kwasa nyingi nyuma yake. Mwaka 2020 kundi la Nicolas Lehner lilitumia 43. Likakuta gesi inayofika miaka nuru milioni 1.3 kutoka Andromeda, na katika pande fulani karibu milioni 2. Sehemu ya ndani ina mabadiliko mengi zaidi kuliko ya nje. Huenda halo yake na yetu tayari zinagusana.

Kazi ngumu ilikuwa kuondoa Mkondo wa Magellan, utepe wa gesi uliovutwa kutoka kwenye Mawingu ya Magellan (galaksi mbili ndogo jirani zetu), ambao unapita upande huohuo wa anga na kwa mwendo unaofanana.

Mnajuaje kama gesi inaingia au inatoka?

Kwa kwasa ya nyuma, mara nyingi hatujui. Gesi inayokuja kwetu inaweza kuwa upande wa mbele ikitoka kwenye galaksi ije huku, au upande wa nyuma ikiingia galaksini. Mstari ni uleule. Njia safi ni kutumia mwanga wa galaksi yenyewe kama taa: gesi yoyote inayofyonza lazima iwe mbele ya nyota hizo, kwa hiyo mstari uliohamia kwenye bluu ni gesi inayotoka, bila ubishi. Hasara ni kwamba huwezi kujua iko mbali kiasi gani na galaksi.

Kwa ujumla mwendo unaoonekana katika halo nyingi ni mdogo kuliko unaohitajika kutoroka mvuto wa galaksi. Sehemu kubwa ya gesi hiyo haiendi popote.

Ni hatua gani dhaifu zaidi?

Kutoka ioni hadi uzito wa jumla. Tunapima O VI, lakini tunataka oksijeni yote. Tunapima hidrojeni kamili, lakini karibu hidrojeni yote ya halo imepoteza elektroni yake na haina mstari. Ili kujaza pengo hilo tunahitaji modeli ya mionzi ya urujuanimno inayoogesha gesi, na modeli hizo hazikubaliani. Ukisikia uzito wa halo umetajwa kwa usahihi wa kushangaza, uliza kwanza ni modeli ipi. Msongamano wa safu naweza kuutetea mbele ya yeyote, uzito wa jumla siutetei hivyo.

Mstari mmoja wa kuona unatosha kujua umbo la halo?

Hautoshi. Ni sawa na kuchoma sindano moja kwenye boga na kueleza boga lote. Kwasa ambazo mvuto wa galaksi iliyo njiani umezigawa katika taswira kadhaa husaidia, kwa kuwa hutoa sindano kadhaa zilizo karibu.

Naweza kujaribu mwenyewe?

Ndiyo. Spektra za Hubble ziko wazi kwa umma katika hifadhi ya MAST. Chagua kwasa angavu, na kabla ya kutafuta galaksi yoyote, weka alama kwenye mistari ya Njia Nyeupe: Si II kwenye 119.04, 119.33 na 126.04, Si III kwenye 120.65; C II kwenye 133.45, Si IV na C IV. Mistari hiyo ipo karibu katika kila spektra na itakufundisha umbo la mstari halisi. Kisha tafuta Lyman-alfa za mbali, na kwa kila moja jaribu kutafuta metali zake kwa kuzidisha tu. Utabaki na mifereji kadhaa isiyo na mwenza. Hiyo iache bila jina, iandike pembeni na uendelee na mingine.